Sifuri Uliyoiongeza

Kwako Dada,

Naanza na salamu, maana aliyetulea ni mmoja, na sitaki ionekane nimetupa adabu kwa kuwa yeye hayupo tena wa kunifinya. U hali gani? Shemeji hajambo? Na wanangu, shule inakwendaje? Natumai yale mafua yako yamekuachia, na kwamba wanafunzi wako bado wanasimama wima unapoingia darasani, kama unavyopenda. Mimi ni mzima wa mwili. Baba yupo. Anakula kidogo, anatembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, na juzi alishona upya pindo la shuka lake bila mtu kumwomba. Majirani wote wanakusalimu, hasa mama wa nyumba ya pembeni, ambaye kila akiniona hunikumbusha jinsi ulivyozungumza vizuri siku ya mazishi.

Kweli ulizungumza vizuri. Sijawahi kukusikia ukizungumza vibaya. Ulisimama pale uani, mbele ya viti vya kukodi, ukawaambia watu kwamba Mama hakuondoka kwa uzee wala kwa moyo wake mbovu, bali kwa uzembe wa mtoto wake mwenyewe aliyemletea chupa ya dawa yenye nguvu mara kumi. Ukayarudia maneno hayo, mara kumi, kama unavyolisomea darasa imla. Shangazi alikuwa ameniwekea mkono begani; akautoa. Mimi nikatazama viatu vyangu. Najua ulichokiona: mtu mwenye hatia asiyeweza kuinua macho. Nikakuacha uone hivyo, na kwa nini nilikuacha nitakwambia, ila kwa mpangilio wangu mimi, maana wako nimeshausikia.

Kisha ukaona hayo hayatoshi, ukaandika kwa baraza la wafamasia. Nakala nilikabidhiwa na mwenye duka la dawa ninakofanya kazi, mbele ya wateja, bahasha imeshafunguliwa, na yeye ameshaisoma hadi mwisho, maana tangu asubuhi hiyo aliacha kuniita dada akaanza kuniita bibie. Umeandika kwamba sina nidhamu ya vipimo tangu nikiwa mwanafunzi, kwamba unalisema hilo kwa ushahidi kwa kuwa ulinifundisha mwenyewe, na kwamba mtu kama mimi hafai kukabidhiwa hata kijiko. Unataka leseni yangu ifutwe. Sawa. Chuki yako naijua, nimelala nayo chumba kimoja utoto wangu wote. Lakini chini kabisa umeweka shahidi, na shahidi wako ni Baba. Usingemtaja Baba, wangeifuta hiyo leseni na mimi ningekaa kimya mpaka naingia kaburini. Umemtaja, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu wewe husikilizi, unasahihisha. Kama barua imekukuta maabara, funga mlango. Kama imekukuta nyumbani, usiisome mbele ya Shemeji, maana utakunja uso na yeye atauliza, na wewe uongo hujauzoea. Utalazimika kuuzoea, lakini hilo linakuja.

Tuanze na hiyo nidhamu ya vipimo. Bila shaka unakumbuka siku ya kipande cha ubao. Tulipewa rula na mizani, tupime urefu na upana na uzito, tutafute ubao ule una uzito gani kwa kila sentimita ya ujazo. Mimi nikagawanya kwa kikokotoo, nikanakili kila kilichotokea kwenye kioo, tarakimu saba nyuma ya nukta. Ukanipandisha juu ya stuli. Ukaniamuru nizisome moja moja kwa sauti, halafu ukaliuliza darasa kama rula ya mbao iliyoliwa pembe inaweza kuona udogo wote huo, au ni mdogo wako tu aliyezaliwa na macho ya ajabu. Walicheka mpaka mlinzi wa geti akachungulia dirishani. Ukawaeleza kwamba kikokotoo hakijui nini kimepimwa, kwamba jibu haliwezi kujua zaidi ya vipimo vilivyolizaa, na kwamba tarakimu zenye maana pale zilikuwa mbili tu, nyingine zote ni kelele.

Nikajifunza. Juma lililofuata nikapima uzi, nikaandika mbili nukta tano, nikijua sasa nimekuwa mtu wa kiasi. Ukanikata alama. Ukasema rula ilikuwa inaonyesha zaidi ya hapo, kwa hiyo nilipaswa kuandika mbili nukta tano sifuri. Ukasema sifuri ya mwisho nyuma ya nukta si pambo, ni ahadi: anayeiandika anaapa kwamba aliangalia mpaka pale, akakuta hakuna kitu. Nyumbani ukaanza kuniita Sifuri, hata mezani, mpaka Mama akakwambia ukilitaja tena jina hilo utakula chakula chako bafuni. Nilikuchukia kwa hayo yote, lakini somo lenyewe lilinikaa, na mpaka leo naamini ni la kweli. Katika maabara yako uko sahihi. Huko sina ugomvi na wewe.

Lakini kazini kwangu tulifundishwa kinyume. Mhadhiri wetu, mzee mmoja mfupi mwenye sauti ya kukoroma, alituambia siku ya kwanza kwamba dozi ya namba kamili haiwekewi nukta wala sifuri nyuma yake. Mbili ni mbili, unaiacha peke yake. Anayesoma anaweza kuwa na homa, anaweza kuwa amesahau miwani, taa yake inaweza kuwa mbovu; nukta ikimpotea, mbili imeshakuwa ishirini. Na dozi ikiwa chini ya moja, hapo sifuri ya mbele ni lazima, hata kama wewe katika hesabu zako unasema sifuri ya mbele haina maana. Yaani ile unayoiheshimu wewe sisi tunaiogopa, na ile unayoidharau ndiyo inayomlinda mgonjwa. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kila mmoja anajua anaandika kwa ajili ya macho ya nani, isipokuwa wewe, ambaye unadhani dunia nzima imekaa kwenye madawati yako.

Ulipokuja likizo, Mama alikuwa anakunywa ile dawa ya moyo ya maji, mililita mbili kila asubuhi, na alikuwa anajipimia mwenyewe kwa lile bomba la plastiki la mililita tano, kama la sindano. Ukaingia jikoni, ukashika chupa, ukasema kibandiko changu kimeandikwa kwa herufi za mchwa, na kwamba wazee wawapo peke yao wanahitaji kitu kinachosomeka. Hapo pia ulikuwa na haki, nasema usije ukadhani nakuonea. Ukachana karatasi ya grafu kutoka kwenye daftari lako, ukachukua kalamu ya wino mzito, ukaandika kwa tarakimu kubwa: asubuhi, mililita 2.0. Ukaibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe. Ukamwita Baba, ukamwonyesha jinsi ya kuliinua bomba usawa wa jicho, asisome kutoka juu wala kutoka chini. Alifurahi sana. Alinisimulia kwenye simu kana kwamba umemfundisha kuendesha ndege.

Na wewe ukanipigia siku hiyo hiyo, ili nisikose kujua kwamba umenirekebisha. Ukasema bomba lina mistari ya sehemu za kumi, kwa hiyo kuandika mbili tupu ni kulidharau bomba. Nilikwambia uitoe ile sifuri. Nikakwambia tena, safari hii kwa sauti mpaka mteja akageuka. Ukacheka. Ukasema mfamasia ni muuza duka aliyevalishwa koti, na kwamba hutaharibu kipimo sahihi kwa sababu ya woga wa watu wa kaunta. Ukakata simu. Nikampigia Mama, nikamwomba aichane ile karatasi. Akanijibu kwamba imeandikwa vizuri, tena imelipendezesha kabati, na kwamba yeye kipimo chake anakijua bila karatasi ya mtu, kwa hiyo nisimtafutie ugomvi na dada yangu wakati anakuja kwa nadra. Nikaacha. Ningeweza kupanda gari nikaenda kuichana mwenyewe, na sikwenda. Hilo ni langu na nalibeba, sihitaji baraza linisaidie kulibeba.

Sasa mfikirie Baba, kama huwa unamfikiria. Amepima watu maisha yake yote. Umekua ukiichezea futi yake shingoni, unajua jinsi anavyofanya kazi. Katika vipimo vyake vyote hakuna nukta. Kuna inchi, kuna nusu na kuna robo, na nusu na robo anaziandika kwa maneno, eti ili fundi mdogo asije akasoma vibaya. Kipimo kikishaandikwa hakibishaniwi, maana kitambaa kikishakatwa hakiungwi. Wangapi walikuja wakamwambia kiuno kimepungua, naye akawajibu kwamba kilichoandikwa ndicho? Tulikuwa tukimcheka mimi na wewe, nyuma ya pazia la kile chumba cha kujaribia nguo. Nakumbuka tulikuwa tukipatana siku zile.

Mama akapata homa. Mikono ikawa inatetemeka, bomba likamshinda, na Baba akasema kuanzia siku hiyo atampimia yeye. Chupa ilikuwa mpya kabisa. Nilikuwa nimeipeleka mwenyewe juma lile lile. Alinipigia kunipa habari za homa, nikamwuliza kama dawa ya moyo anampa. Akasema anampa kama Mwalimu, yaani wewe, alivyoandika, nisiwe na wasiwasi. Nilimpa pole, nikamwambia amnyweshe maji mengi, nikarudi kwa wateja wangu.

Aliponipigia tena nilikuwa kaunta, namtafutia mama mmoja matone ya macho. Baba akasema Mama hali chakula, anatapika, na anasema vikombe vyake vyeupe vimegeuka njano. Alidhani ni homa imepanda kichwani. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba nikija nije na chupa nyingine ya dawa, maana ile imekwisha. Dada, chupa ile ni ya mwezi mzima. Ilikuwa na asubuhi tatu.

Niliacha mlango wa duka wazi. Nilimkuta Baba jikoni, ameliosha bomba, anaangalia kama limetakata. Nikamwuliza alikuwa anampa ngapi. Akanijibu kwa fahari kidogo kwamba ishirini, bomba zima mara nne, na kila mara aliliinua usawa wa jicho kama ulivyomwonyesha, na hakumwaga hata tone. Alisema Mama siku ya kwanza alinung'unika kwamba ni nyingi, akamwambia asibishane na kipimo, binti yake ameandika kwa mkono wake. Mama alikuwa hoi kwa homa, akanywa. Nikafungua mlango wa kabati. Nukta ilikuwepo, siwezi kukusingizia. Ulikuwa umeiweka juu kabisa ya makutano ya mistari ya grafu, na ilikuwa imezama humo. Mimi ninayejua mahali pake ilibidi niitafute kwa kidole.

Sasa umeelewa. Hapakuwa na chupa yenye nguvu mara kumi. Sijawahi kuipeleka na sijawahi kuiona. Chupa ilikuwa ile ile ya siku zote, na kibandiko changu cha herufi za mchwa kilisema mbili. Aliyempa Mama dawa ile ni Baba, kwa mkono wake, kwa uangalifu wake wote, kwa kufuata ulichokiandika wewe. Na hajui.

Hajui kwa sababu aliniuliza. Alikuwa amesimama na lile bomba, maji yanadondoka, akaniuliza kama kuna mahali amekosea. Nilikuwa na mdomo wazi na jibu lilikuwa tayari. Nikamtazama, na kilichotoka ni kwamba kosa ni langu, kwamba nimeleta chupa isiyo yake, kali mno. Sikuupanga uongo ule. Ungekuwa wewe umesimama mbele yake, sijui ungesema nini. Labda ungemweleza habari ya tarakimu zenye maana. Alilaza bomba juu ya kitambaa, polepole, akaniambia kwamba nilikuwa na kazi moja tu katika nyumba ile. Nikaichana karatasi yako wakati amekwenda kumvika Mama viatu, nikaichoma kwenye jiko. Kwa hiyo usije kuitafuta, na usiniombe uthibitisho. Kwa mara ya kwanza maishani mwako utaamini kitu bila kukipima.

Hospitali nilimwambia daktari kwamba amekunywa mara kumi ya kipimo chake kwa siku tatu. Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo uongo wangu haukuharibu matibabu, kama ndilo unaloanza kulifikiria. Walihangaika naye sana. Mapigo ya moyo yalikuwa yameshapungua mno, na figo zake unazijua. Mama aliniuliza kwa nini nimevaa koti la njano, nikamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi, akasema halinipendezi. Alikata roho mchana uliofuata. Baba alikuwa kwenye korido, amebeba viatu vya Mama mkononi, maana alidhani atatoka kwa miguu yake.

Tangu siku hiyo Baba ananijibu salamu na basi. Chai nikipika mimi hainywi. Anaimwaga kwenye sinki nikigeuka, halafu anapika yake. Kila anayekuja kutoa pole anamweleza kwamba yeye alimpa mgonjwa wake dawa kama Mwalimu alivyoandika, ila chupa yenyewe ndiyo ilikuwa na balaa. Hasemi ngapi, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Namchukia kidogo kwa hilo, nakwambia ukweli, na wewe nakuchukia zaidi, kwa sababu anapolitaja jina lako macho yake yanapata nuru. Nimeuguza, nimekesha, nimesafisha, nimeitwa muuaji na watu niliowauzia dawa za watoto wao. Wewe umekaa huko na sifa zako.

Sasa fikiria baraza. Watamketisha kwenye kiti, watampa maji, watamwambia asiogope. Halafu watamwuliza kitu kimoja tu: alikuwa anampa mgonjwa kiasi gani? Na Baba atajibu kwamba ishirini. Atalisema kwa sauti, kwa sababu anajivunia alivyopima. Katika chumba kile kila mtu amesomea dawa. Hawatahitaji kumweleza, atayaona kwenye nyuso zao, na kama hakuyaona, kuna mmoja atakayemweleza kwa huruma. Mimi nitasafishwa pale pale, leseni yangu nitabaki nayo na pole juu. Na Baba atarudi nyumbani kwenye kitanda kile akijua. Ndiyo kesi uliyoifungua, mtoto wake mpendwa.

Usidhani nakuficha wewe. Kama ningeweza kulisoma jina lako kwa kipaza sauti mtaani, ningelala usingizi mzuri sana. Siku Baba akitutoka sijui nitafanya nini na hiki ninachokijua. Huenda nitanyamaza. Huenda nitakuja kwako nikaketi sebuleni, nikawasimulia wanangu habari za bibi yao mwanzo mpaka mwisho. Kaa ukilijua hilo kila ukisikia mlango unagongwa.

Kuna jambo jingine, na hili haliwezi kusubiri. Baba amepimwa, shinikizo la damu limepanda vibaya, ameandikiwa vidonge. Vidonge nimemletea, viko mezani, hajavigusa. Anasema kitu kilichopita mikononi mwangu hakiingii kinywani mwake. Daktari amemsihi, Shangazi amemsihi, amegoma. Anasema anamsubiri Mwalimu aje amwandikie yeye mwenyewe jinsi ya kuvimeza, kwa kuwa mwandiko wa Mwalimu ndio anaouamini.

Kwa hiyo utakuja. Utakuja juma hili, useme shuleni chochote unachotaka. Utachukua karatasi nyeupe isiyo na mstari hata mmoja, uandike kwa maneno: kimoja asubuhi. Utaibandika anapotaka yeye, na hutatetemeka mkono, kwa sababu atakuwa amesimama nyuma yako anatazama. Kabla ya hapo utaandika kwa baraza kwamba unaondoa malalamiko yako yote, na jina la Baba pamoja nayo. Usieleze sababu. Wakikuuliza, sema ni mambo ya familia. Watu wa baraza wana familia zao.

Lakini Baba yeye atakuuliza, na majirani watakuuliza, maana uliwaahidi kwamba hutapumzika mpaka haki ipatikane. Hakuna jibu watakaloliamini ila moja. Utawaambia umenisamehe. Ulinihukumu mbele ya watu, kwa hiyo utanisamehe mbele ya watu, pale pale uani. Shangazi atawaita, nimeshamwambia kuna jambo la heri linakuja. Utasimama, utazungumza vizuri kama kawaida yako, utasema binadamu hukosea na damu haikatiki. Mimi nitakuja mbele, nitapiga magoti mbele ya dada yangu mkubwa, nitakushukuru kwa sauti ya kufika mpaka nyumba ya pembeni. Na wewe utaninyanyua, Dada, utanikumbatia, na utaitikia.

Sina zaidi. Wabusu wanangu. Msalimie Shemeji, mwambie Baba anamuulizia. Nakutakia safari njema.

Ni mimi mdogo wako,
muuza duka.